Maneno ya Uashi na Uhifadhi wa Mji Mkongwe wa Unguja

Makusudio ya makala haya ni kueleza jambo moja ambalo halijapewa nafasi ya kutosha katika mashauri ya kuhifadhi Mji Mkongwe wa Unguja. Jambo lenyewe ni hili: tabia ya mji ule imo katika mpango wa nyumba zake, na mpango huo umewekwa katika majina ya sehemu za nyumba hizo. Fundi, afisa na mwenye nyumba wasipokuwa na majina hayo kwa pamoja, kazi ya kuhifadhi huharibika hata pale ambapo fedha zipo na nia ni njema. Wanaoshughulika na lugha hawana utaalamu wa kuzuia ukuta usianguke. Lakini wana sehemu yao katika kazi hii, nayo bado haijafanywa.

Msomaji ajuaye Unguja hahitaji kuelezwa mahali penyewe. Kwa faida ya wengine yatosha kusema kwamba mji wa mawe umekaa juu ya rasi ya Shangani, ambayo zamani ilitengwa na upande wa mashariki kwa mkono wa bahari. Upande wa pili wa maji hayo ndio ulioitwa Ng'ambo, na jina limedumu ingawa maji yalifukiwa katika karne ya 20 na barabara ikapitishwa juu yake. Vivyo hivyo Darajani paitwa Darajani ijapokuwa hapana daraja, na Hamamni pamebaki na jina la hamamu zilizojengwa kwa amri ya Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Ukutani, Mkunazini, Sokomuhogo na Forodhani ni majina ya namna iyo hiyo. Jina la mtaa laweza kuishi muda mrefu baada ya kitu chenyewe kutoweka, kwa kuwa laandikwa katika ramani na katika barua. Majina ya sehemu za nyumba hayana ulinzi huo. Kukaa kwake hutegemea kutamkwa kila siku na watu wakaao humo na mafundi waitwao kutengeneza.

Watu hao wamebadilika sana. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi ambazo wenyewe walikuwa wameondoka zilitwaliwa na Serikali, na jamaa kutoka mashamba na Pemba wakapangishwa humo, aghalabu jamaa kadhaa katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya jamaa moja. Kodi zilikuwa ndogo na matengenezo yalikuwa machache. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe. Sheria ya uhifadhi ilipitishwa mwaka 1994, na nyingine ikaifuata mwaka 2010. Mpango mkubwa wa kuhifadhi mji, uliotokana na upimaji wa nyumba kwa nyumba, ulichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1996, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Katika miaka hiyo hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa, watalii wakaja kwa wingi, na nyumba ambazo hapo kwanza hazikutakiwa na mtu zikaanza kutafutwa ili ziwe hoteli na maduka. Kwa hiyo mji umepata mashaka mawili yaliyo kinyume: kwanza uliachwa, kisha ukapendwa mno.

Kuanguka kwa majengo si jambo la maneno matupu. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 mbele ya bahari, lilipoteza sehemu ya baraza zake za juu mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya kulitengeneza ikiendelea, upande wa mbele pamoja na mnara ulianguka, na watu wawili wakafa. Hilo lilijulikana dunia nzima kwa sababu ya ukubwa wa jumba. Nyumba ndogo za vichochoroni huanguka pasipo kuandikwa.

Sasa tuingie katika maneno yenyewe. Kamusi za mwanzo wa karne ya 20 zina kitenzi kuaka, maana yake kujenga kwa mawe na chokaa. Kitenzi hicho hakisikiki tena katika usemi wa kawaida. Watu wote husema kujenga, iwe nyumba ni ya mawe, ya miti na udongo, au ya matofali. Lakini kimetuachia mtoto wake, nalo ni neno mwashi, ambalo bado twalitumia. Mabadiliko ya k kuwa sh katika neno hilo si ya bahati. Ni kanuni ile ile iletayo mpishi kutokana na kupika na mwandishi kutokana na kuandika: kiishio -i cha mtendaji hulainisha konsonanti iliyotangulia. Umbo lake lote ni la Kibantu, kiambishi, mzizi na kiishio.

Jambo hili lina uzito kuliko lionekanavyo. Mara nyingi husemwa, hata na watu wenye elimu, kwamba mji wa mawe ni kitu kilicholetwa na wageni kikawekwa pwani kama mzigo ushushwavyo chomboni. Lugha haitoi ushahidi huo. Ukuta, mlango, ua, ukumbi na kizingiti ni maneno ya Kibantu, na kazi yenyewe ya kupanga jiwe juu ya jiwe ilikuwa na kitenzi chake kilichotofautishwa na kujenga. Upande wa pili, dirisha latoka katika Kiajemi, ghorofa na sakafu yametoka katika Kiarabu, na roshani ni neno la Kiajemi lenye maana ya mwanga, lililopita katika Kiarabu, ambako pia hutajwa kwa madirisha ya mbao yatokezayo nje katika miji ya Hijazi. Ukisoma majina ya nyumba moja kutoka mlangoni hadi juu, waona jinsi mafundi wa asili mbalimbali walivyokutana. Kukutana huko ndiko kulikoupa mji sifa ya kuingia katika orodha ya mwaka 2000.

Neno la pili ni saruji, na hapa madhara ni ya dhahiri. Leo saruji ni ule unga wa kijivu uuzwao katika mifuko. Walakini neno lenyewe ni la zamani kuliko unga huo. Katika Oman neno hilo hilo hutajwa kwa udongo uliochomwa, ukasagwa na kuchanganywa ili kujengea mifereji ya maji, ngome na nyumba; na katika Kiswahili cha zamani saruji ilikuwa mchanganyiko wa chokaa na mchanga wa kujengea. Unga mpya ulipofika pwani ulipewa jina la kitu cha kale, kwa kuwa kazi yake ilionekana ni ile ile. Kazi yake si ile ile hata kidogo.

Ukuta wa Mji Mkongwe umetengenezwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na unene wake aghalabu ni nusu mita au zaidi. Jiwe hilo lina vitundu vingi, hunyonya unyevu wa ardhi na wa mvua, na chumvi ya bahari imo ndani yake. Chokaa nayo ni laini na ina vitundu, kwa hiyo unyevu ulioingia hutoka tena polepole ukawa mvuke. Ukuta hukauka wakati wa kiangazi na kupata unyevu wakati wa masika bila ya kudhurika. Ukipakwa lipu ya saruji ya mfukoni, njia ya kutokea hufungwa. Maji hupanda juu zaidi ndani ya ukuta, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na vichwa vya boriti vilivyoingizwa ukutani huanza kuoza mahali ambapo hapana aonaye. Baada ya miaka kadhaa lipu ngumu hubanduka kwa vipande vikubwa, nayo huja na uso wa mawe. Mwenye nyumba akiona hivyo huamini kwamba saruji ilikuwa kidogo, akaongeza.

Fikiri basi shida ya afisa ambaye yampasa kumweleza mwenye nyumba huyo kwa Kiswahili. Neno lililokuwa la mchanganyiko wa kale limechukuliwa na adui yake. Limebaki neno chokaa, lakini watu wengi wakisikia chokaa hufikiri juu ya kupaka ukuta rangi nyeupe. Neno kutomea, ambalo mafundi walilitumia kwa kazi ya kuziba nafasi kati ya mawe kwa vijiwe vidogo na chokaa kwa mkono kabla ya kupiga lipu, ni geni kwa vijana wengi. Kwa maoni yangu, makosa mengi yasemwayo kuwa ni ukaidi wa wenye nyumba ni upungufu wa istilahi. Mtu hawezi kutii agizo ambalo halina jina katika kichwa chake.

Tanuu la chokaa nalo lina habari zake. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya kuni kwa duara, huchomwa, kisha chokaa huzimwa kwa maji na kuachwa muda mrefu iive kabla ya kutumiwa. Fundi wa zamani hakukubali chokaa ya jana. Subira hiyo ndiyo inayokosekana leo zaidi ya chokaa yenyewe.

Katika sakafu twaona neno lililosafiri ndani ya nyumba. Kwa Kiarabu asili yake ni paa au dari, yaani kile kilicho juu ya kichwa. Kwa Kiswahili cha leo sakafu ni kile kilicho chini ya miguu. Mageuzi haya hayana ajabu kwa mtu aliyeiona nyumba ya ghorofa ikijengwa. Boriti za mikoko zililazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Juu yake yakapangwa mawe. Juu ya mawe ikamwagwa zege ya chokaa, mchanga na vijiwe, ikapigwa kwa fimbo siku kadhaa, wapigaji wakiimba ili mapigo yao yalingane, mpaka ikawa ngumu na laini. Kitu hicho kimoja kilikuwa dari kwa wa chini na mahali pa kukaa kwa wa juu, na kile cha mwisho kabisa kilikuwa paa. Kazi hiyo ilikuwa na kitenzi chake, kusakifu. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba: mita 3 hivi, mara nyingi pungufu, hata katika nyumba ya tajiri. Ndiyo maana vyumba vya Unguja, kama vya Lamu na vya miji ya Ghuba iliyonunua boriti kutoka pwani yetu, ni virefu na vyembamba. Anayebomoa ukuta wa kati ili apate ukumbi mpana wa chakula cha wageni anaondoa mguu wa nyumba, wala si pazia kama adhaniavyo.

Sakafu za juu kabisa siku hizi zimefunikwa kwa mabati. Wengine hulalamika kwamba mabati yameharibu sura ya mji. Mimi siwalaumu walioyaweka. Paa la chokaa lataka kupigwa na kupakwa kila mara, na palipoongezwa tabaka juu ya tabaka uzito wake ulivunja boriti.

Neno ambalo limepata bahati kuliko yote ni baraza. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kujitokeza na kuwa wazi, na kwa hakika baraza ni ule ukingo wa mawe na chokaa ujitokezao chini ya ukuta wa nyumba, pande mbili za mlango, ukaelekea njia. Aliyeujenga ni mwenye nyumba, lakini akaaye ni yeyote. Mpita njia hupumzika, wazee hunywa kahawa na kucheza bao, mchuuzi huweka kapu lake, na wakati wa masika, maji yajaapo kichochoroni, watu hupita juu ya baraza kama juu ya njia. Kutokana na mazungumzo yaliyofanyika hapo, neno lilihamia kwenye mkutano wenyewe, kisha kwenye chombo cha kuamua mambo. Leo kuna Baraza la Mawaziri, Baraza la Wawakilishi, na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa kitu cha fundi kilichopanda hadi kwenye katiba.

Lakini bahati ya neno yaweza kutudanganya. Neno laweza kustawi huku kitu kikifa. Katika mitaa ya biashara baraza nyingi zimevunjwa ili mlango wa duka upanuke. Nyingine hazikuvunjwa, ila zimewekwa bidhaa au matakia ya wateja, hata jirani haketi tena. Katika hali hii ya pili ukaguzi wa jengo utasema kwamba baraza ipo, na picha itathibitisha. Mwanafunzi wa lugha atasema haipo, kwa kuwa maana ya neno ni matumizi yake, na matumizi ya baraza ni kuwa mahali ambapo mtu asiye wa nyumba hukaa pasipo kuomba wala kulipa. Hili ndilo gumu la kuhifadhi tabia ya mtaa: sehemu yake kubwa haipimwi kwa kipimo cha fundi.

Ili kuonyesha jinsi majina yawezavyo kuhifadhi mpango mzima, yafaa tutoke Unguja kidogo tuangalie Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na ambao majina ya nyumba zake yalikusanywa kwa uangalifu na wataalamu wa ujenzi katika miaka ya 1970. Mtu atokaye njiani huingia kwanza daka, ambalo ni kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe; kisha tekani, pa kupindia ili macho ya mpita njia yasifike ndani; kisha kiwanda, yaani ua; kisha msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho ndani. Sakafu hupanda kidogo kila unapoingia chumba cha mbele yake, na mapambo huzidi, hata ufike ndani kwenye ukuta wa zidaka, vile visanduku vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu. Msomaji atazame neno la mwisho. Kwetu ndani ni kielezi cha mahali tu. Katika nyumba ya Kiamu ni jina la chumba. Lugha imelipa jina la ndani lile lililo ndani kuliko yote, na vyumba vingine vyote ni daraja za kulikaribia.

Nyumba kubwa ya Unguja haina majina mengi kiasi hicho, lakini nia yake ni ile ile: baraza kwa watu wote, sebule kwa wageni, ua kwa jamaa, vyumba vya juu kwa wenyewe. Nyumba ya mfanyabiashara wa Kihindi yafuata utaratibu mwingine, duka likiwa chini na maisha yakiwa juu penye roshani. Nayo pia ina hatua zake kati ya njia na familia. Hoteli huzigeuza hatua hizi zote. Ua hufunikwa ukawa mapokezi, na chumba cha ndani kabisa huwa ndicho kiuzwacho kwa mgeni kwa bei kubwa kuliko vyote. Sisemi kwamba hoteli zisiwepo. Nyumba kadhaa zisingekuwa zimesimama leo bila ya fedha hizo. Nasema kwamba kuhifadhi uso wa nyumba na kugeuza mpango wake ni kazi mbili, na ruhusa ya moja isihesabiwe kuwa ruhusa ya nyingine. Mfano uliojadiliwa sana ni Mambo Msiige, jengo la karne ya 19 huko Shangani, ambalo liliunganishwa na jengo jipya likafunguliwa kuwa hoteli mwaka 2015. Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamikia ukubwa wa sehemu mpya. Jina la jengo ni katazo, na lilikuwapo kabla ya ubishi huo.

Huenda mtu akauliza kama ni haki kumtaka mpangaji wa chumba kimoja achome chokaa wakati mfuko wa saruji wauzwa dukani mtaani. Swali hili ni la kweli, na wengi waandikao juu ya urithi hulikwepa. Familia ambayo bado yakaa Malindi au Kiponda ndiyo ishikayo majina tuliyoyataja. Ikishindwa na gharama ikauza na kuhamia nje ya mji, majina huondoka nayo, na atakayenunua atayakuta katika vitabu, kama atayatafuta. Kwa hiyo fedha za kuhifadhi zikitumiwa zote kwa majumba makubwa ya mbele ya bahari, zimetumiwa upande mmoja tu. Tanuu la chokaa la jumuiya, ambalo mwenye nyumba maskini angepata chokaa iliyoiva kwa bei isiyozidi ya saruji, lingeokoa kuta nyingi zaidi, nalo lingewapa vijana mahali pa kujifunza uashi kutoka kwa wazee.

Kwa upande wetu kazi ni ya kalamu. Lahaja ya mji huu ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kila mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki asemaye sebule, roshani au baraza amekopa kutoka vichochoro vile. Ingekuwa haki deni hilo lilipwe kwa kitu kinachoweza kutumika: orodha ya istilahi za uashi na useremala wa Unguja, iliyokusanywa vinywani mwa mafundi wenyewe, ikiwa na michoro, ili kila kibali cha matengenezo kiandikwe kwa maneno yake. Nimekwisha kutaja kuaka, kutomea, kusakifu, tanuu na boriti. Mlango wa nakshi peke yake una miimo, kizingiti, na mfaa, yaani ule ubao wa katikati ufunikao mahali ambapo mabamba mawili hukutana. Na sehemu nyingine za mlango huo huo zina majina ambayo seremala mmoja huyajua na mwenzake wa mtaa wa pili huyaita vingine. Tofauti hizo nazo ziandikwe, kila moja pamoja na mtaa wake, kabla ya kuamua lipi liwe sanifu. Kazi yapaswa kuanza kwa chokaa na kuta, kwa kuwa maseremala wa milango bado wana soko la watalii, na waashi wa chokaa wamebaki wachache.